Anza na Kiazi: Baiolojia ya Kidato cha Kwanza na cha Pili Kandokando ya Ziwa

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi asubuhi hapa Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Pili wanaojiandaa na mtihani wa upimaji, pamoja na wazazi wao. Wengine walikwamishwa na mvua, wengine walikuwa bado ziwani. Nimeyaandika yote kama nilivyoyasema.

Shikamooni wazee wangu. Mwangaluka, nyote mliofika. Vijana, hamjambo?

Kabla ya yote, namwomba binti aliyekaa hapo mbele anisaidie. Hapa mezani kuna mabakuli mawili. Hili la kushoto lina maji ya kawaida. Hili la kulia lina maji hayohayo, ila nimeyatia vijiko vinne vikubwa vya chumvi. Binti, chukua vipande hivi vya kiazi mviringo, nimevikata vyembamba kama kalamu. Vitatu weka kushoto, vitatu weka kulia. Vizuri. Sasa viacheni. Asiviguse mtu mpaka nitakapomaliza kusema.

Nimefundisha baiolojia miaka 31. Katika miaka hiyo yote kuna sifuri moja niliyoitoa ambayo hainitoki moyoni. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Kwenye jaribio niliuliza: kipande cha kiazi kikiwekwa kwenye maji ya chumvi, kinakuwaje, na kwa nini? Kijana mmoja, bibi yake alikuwa mchuuzi wa samaki, Kiingereza kilimkatalia. Akaandika kwa Kiswahili: "Kiazi kitalegea. Ni kama samaki wa bibi akimpaka chumvi, maji yaliyo ndani yanatoka nje, samaki anachuruzika halafu anakauka." Nikachora mstari mwekundu, nikaandika sifuri. Aliyekaa pembeni yake aliandika maana ya osmosisi kama ilivyo kwenye daftari, mistari mitatu, hata nukta haikupotea. Nikampa alama zote.

Siku ya kusahihisha nikamwita huyu wa alama zote mbele ya darasa. Nikamwambia: haya, weka daftari pembeni. Maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi? Alisimama pale akiangalia viatu vyake. Hakujua. Yule wa sifuri alikuwa anajua. Nami niliuona ukweli huo siku ileile, na bado sikuifuta ile sifuri.

Ndiyo maana leo sikuja na orodha ya mada. Mada mnazo. Nimekuja na ombi moja: kitu kwanza, neno baadaye. Mtihani ni wa Kiingereza na neno la Kiingereza mtalihitaji, mlijue na mjue kuliandika herufi kwa herufi, sitawadanganya. Lakini neno ni kama ndoo. Ukiwa na ndoo bila kisima utachota nini?

Tuanze ndani ya kiazi.

Mwaka 1665, Mwingereza aitwaye Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gome, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakiweka chini ya hadubini. Akaona vijumba vidogo vilivyopangana. Akaviita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya vyumba vidogo, na jina hilo ndilo limetufikia kama seli. Mnaona? Hata yeye alianza na kitu. Jina lilikuja baadaye.

Nani hapa anakaa nyumba ya kupanga? Mabatini, Igogo, Buzuruga, mnazijua. Vyumba vimebanana, kila chumba kina mlango wake na mpangaji wake. Kiazi ndivyo kilivyo. Kitunguu ndivyo kilivyo. Wewe ndivyo ulivyo. Tofauti ni kwamba chumba cha mmea kina vitu viwili kwa nje: ukuta mgumu, na ndani ya ukuta, utando laini. Chumba cha mnyama kina utando peke yake. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Utando huo unachagua. Maji unayaruhusu yapite. Chumvi na sukari haviachii hovyo. Sasa basi, ukiweka chumvi nyingi nje, maji ya nje yanakuwa yamechanganyika na kitu kingine, yaani maji yenyewe yamepungua nguvu, na ndani ya chumba bado yamejaa. Maji huondoka pale yalipo mengi kwenda pale yalipo machache, kupitia ule utando. Hiyo ndiyo osmosisi. Chumvi haiyavuti kwa kamba. Yule kijana wangu hakuandika hata kwamba inavuta, aliandika maji yanatoka nje. Alikuwa sahihi kuliko vitabu kadhaa nilivyoviona.

Mama zangu mnaoanika dagaa Igombe na Kayenze, mnajua kwamba dagaa aliyelowa na mvua kabla hajakauka ni hasara. Kwa nini anaoza? Kwa sababu bakteria naye ni seli, naye anataka maji ndipo aishi na azaliane. Jua likiyamaliza maji, bakteria hana pa kukaa. Na ukimpaka samaki chumvi, hutoi maji ya samaki peke yake, unatoa hata ya bakteria mwenyewe. Michembe tunayokula kiangazi, ni kanuni hiyohiyo. Bibi zetu walikata viazi vitamu, wakavianika juu ya mawe, wakaweka akiba ya miezi mingi. Hawakuwa na neno. Kitu walikuwa nacho.

Nendeni mbele kidogo. Umelazwa hospitali, umetundikiwa dripu. Je, yale ni maji matupu? Hapana. Dripu ya kawaida ina gramu 9 za chumvi katika kila lita. Kwa nini wasiweke maji safi tu? Kwa sababu seli nyekundu ya damu ni chumba kisicho na ukuta. Ina utando peke yake. Ukiizungushia maji matupu, maji yataingia, yataingia, yataingia, mpaka ipasuke. Kiazi kina ukuta, kitajaa na kukaza tu. Seli ya damu haina. Mtihani ukiwauliza tofauti ya seli ya mmea na ya mnyama, msikariri jedwali. Kumbukeni dripu.

Sasa nitapita haraka kwenye kichocho. Si kwamba ni kidogo, ila nusu yenu hapa mmewahi kumeza dawa yake shuleni, ile mnayopimwa urefu kwanza ndipo mhesabiwe vidonge. Mimi mwenyewe niliugua nikiwa darasa la nne. Tulikuwa tunaogelea kila siku baada ya shule, jua la saa saba likiwaka. Nilianza kuumwa tumbo na kupata choo chenye damu, na nikaficha kwa aibu karibu mwaka mzima. Mzunguko wake nataka muutaje kama njia ya kwenda nyumbani: yai la mnyoo wa kichocho linatoka na kinyesi cha mtu, linaingia majini, linaangua, kiluwiluwi kinamtafuta konokono. Ndani ya konokono kinazaliana na kuwa maelfu. Wanatoka mchana, hasa jua likiwa kali, wanaogelea, wanapenya ngozi. Ndani ya mtu wanakua, wanakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, wanataga. Yai linatoka tena.

Swali langu kwenu: minyoo ile inaongezeka idadi ndani yako? Haiongezeki. Inataga tu, na yai ni lazima litoke nje, lifike majini, limpate konokono. Kwa hiyo choo kimoja kilichojengwa vizuri mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kinakata mzunguko kabla haujamfikia konokono. Mchoro ule mnaouchora kwenye daftari wenye mishale ya duara, ndiyo kazi yake: kuonyesha pa kukata.

Nije kwa furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe, kwa sababu hakuna mahali duniani panapofundisha uainishaji wa viumbe kama ziwa letu.

Wavulana mlioshinda mwaloni, mmewahi kumshika furu jike mkononi akatema watoto? Naona mikono mingi. Mama anabeba mayai mdomoni mpaka yaangue, na hata vikisha kuwa vifaranga vikiona hatari vinarudi mdomoni. Kwetu sote yule ni furu tu. Kumbe wanasayansi wamehesabu aina zaidi ya 500 katika ziwa hili. Na kuna ushahidi kwamba ziwa lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Katika uhai wa dunia, hiyo ni jana jioni.

Sasa sikilizeni. Kuna furu wawili wanaokaa kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza. Dume la mmoja ni la buluu, dume la mwingine lina mgongo mwekundu. Kwa sababu ya michirizi mieusi ya ubavuni, kundi lao limepewa jina la kisayansi Pundamilia. Ndiyo, punda milia, Kiswahili chetu. Wa buluu anaitwa Pundamilia pundamilia. Na huyu mwekundu, aliyepewa jina mwaka 1985, anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Jina lina sehemu mbili: la kwanza ni la jenasi, yaani kundi lao, linaanza kwa herufi kubwa, la pili ni la spishi, yaani aina yenyewe, linaanza kwa herufi ndogo hata kama ni la Baba wa Taifa. Mkiandika kwa mkono, mnapiga mstari chini. Nani atasahau tena kanuni hiyo?

Majike wa pande zote mbili wamefifia rangi, wanafanana sana. Lakini jike anajua dume lake. Anachagua kwa rangi. Wa mwekundu humfuata mwekundu, wa buluu humfuata wa buluu, na kwa hiyo hawachanganyiki. Kitabu kinasema spishi ni kundi la viumbe wanaozaliana wao kwa wao na kupata watoto wenye uwezo wa kuzaa. Punda na farasi wakizaa wanapata baghala, na baghala kwa kawaida hazai. Sawa.

Lakini yakitokea matope je? Udongo ukisombwa na mvua kutoka mashambani, mbolea na maji taka vikamwagika ziwani, ukijani wa majini ukaota, maji yakawa mazito kama uji? Mwaka 1997 watafiti waliofanya kazi katika maji haya haya walichapisha walichokiona: penye maji maangavu, wekundu na buluu wako mbalimbali. Penye maji machafu, mwanga haupiti vizuri, jike hatofautishi rangi, na furu hao wanachanganyika. Watoto wanaozaliwa wanazaa vizuri. Unakuta samaki wa rangi ya katikati, si huyu si yule.

Je, hao walikuwa spishi mbili au moja? Maana ya kitabuni inasitasita hapo, na mimi nafurahi inaposita, kwa sababu hapo ndipo sayansi inapoanza. Mstari wa kitabuni umenyooka, lakini ziwa lina tope. Kijana anayeweza kunieleza kwa nini furu wa Ghuba ya Mwanza wanaisumbua maana ya spishi, huyo ameielewa maana ya spishi. Na mama anayelima hadi ukingoni mwa mto, na sisi tunaotupa taka kwenye mfereji, tumo kwenye somo hili kama wahusika.

Sangara sitamwacha, ingawa muda unakwenda. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na ilipofika miaka ya 1980 akafurika. Viwanda vya minofu vikajengwa hapa Mwanza, watu wakasomesha watoto, na furu wakaliwa. Wanasayansi wanakadiria aina zipatazo 200 zilitoweka. Hapo weka hesabu ya nishati: katika kila hatua ya kula, takriban sehemu moja tu kati ya kumi hupita kwenda kwa anayefuata. Nyingine inatumika kuishi, inapotea kama joto. Kilo 1,000 za mimea midogo ya majini zinatoa kama kilo 100 za wadudu wa majini, hizo zinatoa kilo 10 za dagaa au furu, na hizo zinatoa kilo 1 ya sangara. Ndiyo maana dagaa ni wengi na sangara ni wachache. Ziwa haliwezi kubeba sangara wengi kuliko dagaa, hata tukiwa na nyavu za namna gani.

Na mabondo? Kila mtu hapa anajua bei ya bondo. Nikiuliza kazi yake ndani ya samaki, ukumbi unanyamaza. Bondo ni mfuko wa gesi unaomwezesha sangara kukaa kwenye kina anachotaka bila kuzama wala kuelea. Ndiyo maana ukimvuta haraka kutoka chini, gesi inatanuka na unamkuta tumbo lake limesukumwa hadi mdomoni. Mzee wangu pale anatikisa kichwa, ameliona mara nyingi.

La mwisho ni damu, na hili nawaomba wazazi mnisikilize kwa namna ya pekee.

Mtaani kwetu kulikuwa na mama aliyezaa watoto watatu. Wawili waliugua tangu wadogo: mikono na miguu ikivimba, macho ya manjano, maumivu ya mifupa yanayomfanya mtoto alie usiku kucha. Mmoja alifariki. Ndugu wa mume wakasema kwao hakuna ugonjwa huo, mwanamke ndiye kaja nao, au kuna mkono wa mtu. Akarudishwa kwao. Nilikuwepo, na nilikuwa tayari mwalimu wa baiolojia, na sikwenda kugonga mlango ule niseme ninalolijua. Leo nalisema.

Ule ulikuwa ugonjwa wa selimundu, wengine mnauita sikoseli. Ndani ya seli nyekundu kuna protini inayobeba oksijeni, himoglobini. Mnyororo wake mmoja una viungo 146 vilivyofuatana kama shanga. Kwa mwenye selimundu, shanga moja tu, ya sita, imebadilika. Moja kati ya 146! Oksijeni ikipungua, protini zinashikamana, seli inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo. Ndiyo yale maumivu.

Na inarithiwaje? Nimekuja na maharage. Mfuko huu ni baba: harage moja jekundu, moja jeupe. Mfuko huu ni mama: vivyo hivyo, jekundu moja, jeupe moja. Jeupe ndicho kinasaba, yaani chembe ya urithi, cha selimundu. Wazazi hawa wote ni wazima, wanatembea, wanalima, wanavua. Mtoto huchukua harage moja kwa baba na moja kwa mama, bila kuchungulia. Mzee, chota. Mama, chota. Jekundu na jeupe: mtoto huyu ni mzima, ila amebeba. Rudisheni, mchote tena. Jekundu na jekundu. Rudisheni. Jeupe na jeupe. Huyu ataugua.

Jeupe lake moja limetoka wapi? Kwa baba. Na la pili? Kwa mama. Mtoto hawezi kuugua kwa harage moja. Yakitokea, yametoka pande zote mbili, sawa kwa sawa. Hakuna wa kumrudisha kwao.

Wanafunzi, hapa ndipo wengi hukosea: uwezekano ni mmoja kati ya nne kwa kila mimba. Msiseme "mmoja kati ya watoto wanne". Mmeona tulivyorudisha maharage mfukoni kabla ya kuchota upya? Mfuko haukumbuki mtoto aliyetangulia.

Mtaniuliza, kwa nini kinasaba kibaya hivi kipo kwetu kwa wingi? Mwaka 1954, Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye harage moja jeupe na moja jekundu anakingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Huku kwetu kwenye mbu, watu hao waliishi wakazaa, wakakipokeza kwa wengine. Uteuzi wa asili unaofundishwa kwenye mada ya mageuko si habari za visiwa vya mbali. Umo mishipani mwenu, hapa ukumbini. Na kipimo kipo. Vijana mkifikia kuoa na kuolewa, pimeni.

Binti, njoo sasa. Toa kipande bakuli la kulia, kikunje. Kinakunjika kama mpira, mnaona wote? Toa cha kushoto. Kimekataa, kimevunjika. Usiniambie jina kwanza. Maji yametoka wapi?

Akajibu, "Yametoka ndani ya vyumba, yamepita kwenye utando, yameenda kwenye chumvi."

Nikawageukia wengine: na hilo linaitwaje? Ukumbi mzima ukajibu.

Ndipo mzee mmoja mvuvi akasimama nyuma, kofia mkononi. Akasema: "Mwalimu, kama maji hukimbilia penye chumvi, na mwilini mwa sato kuna chumvi kuliko ziwani, mbona sato hajai akapasuka?"

Nilimwambia ukweli: katika miaka 31 mwanafunzi hajawahi kuniuliza swali zuri kama hilo. Maji yanamwingia sato usiku na mchana, mzee, hasa kupitia matamvua anayopumulia. Ndiyo maana hahitaji kunywa maji kama samaki wa baharini, na figo zake zinafanya kazi bila kupumzika, zikitoa mkojo mwingi mwepesi, huku matamvua yakiokota chumvi kidogo iliyomo ziwani na kuirudisha mwilini. Akaniuliza kama figo hizo zinaonekana kwa macho. Nikamjibu zinaonekana, ni ule utepe mwekundu mweusi chini ya uti wa mgongo ambao akina mama huukwangua kwa kisu wanapomsafisha. Jumamosi ijayo tutampasua sato mmoja hapa hapa mezani, na ameahidi kumleta yeye.